Figo Aliyotoa Nzula

Nzula ni jirani yangu hapa Kitengela, anauza mboga, na tunaimba kwaya pamoja. Ni Mkamba aliyeolewa na Mmaasai, Sironka. Figo yake moja iko ndani ya msichana wao Nashipae, wa miaka saba. Damu ya baba haikulingana na ya mtoto, ya mama ikalingana.

Miezi kadhaa baada ya kuwekewa figo, mtoto akashikwa na homa na kuhara. Daktari akamweleza Nzula: ni virusi vya kawaida, wengi wetu tunatembea navyo bila kujua. Vilikuwa vimelala kwa figo ya mama. Mtoto naye anakunywa dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, na dawa hizo zinapunguza nguvu ya kupigana na ugonjwa. "Vinatibika, mama. Si kosa lako."

Jumatano kwa maombi Nzula akasimama analia. "Wapendwa, mniombee. Mtoto amepatikana na virusi, na vimetoka kwangu."

Hapa kwetu ukisema virusi, watu wanajua ni ugonjwa mmoja tu. Siku hiyo amina zilikuwa chache.

Mungu alijibu. Nashipae alitibiwa, homa ikaisha. Lakini neno lilishatoka kanisani, likamfikia Sironka kazini kwa shamba la maua, Isinya. Akaja nyumbani kama moto, nikiwa nimekaa hapo na kikombe changu cha chai.

"Umetoa wapi?"

"Baba Nashipae, si hiyo. Twende tupimwe sisi wote."

"Nipimwe niko na nini? Wewe ndio umejitangaza!"

"Mwanangu," nikamwambia, "mpigie daktari umuulize."

"Mama Katee, wacha. Si ni nyinyi watu wa maombi mmeeneza?"

Asubuhi akampakia mtoto kwa pikipiki na mfuko wa dawa, ampeleke kwa mamake, kijijini Entarara. Nzula alikimbia nyuma yao akipiga kelele, "Asubuhi na jioni! Asiruke hata moja, figo itakufa!"

Dawa zilifika. Lakini Koko, nyanya ya mtoto, alijua ni nani hunywa tembe asubuhi na jioni maisha yake yote. Na majirani wangeona. Mtoto anacheza, mashavu yamejaa, dawa ya nini? Akazifungia kwa sanduku. Nzula alipoenda, mashemeji walimzuia kwa lango. Koko akamwambia kwa simu, "Hapa kwangu hakuna mtoto wa virusi."

Hata kama ungekuwa ule ugonjwa wanaouogopa, dawa ni dawa. Mtoto hangenyimwa.

Walimpigia Nzula simu mtoto alipovimba uso na miguu. Figo ilikuwa imekufa.

Baadaye Sironka alikubali kupimwa, na Nzula pia. Wote hawana kitu. Sironka akasimama kanisani, akashuhudia kwamba nyumba yake ni safi. Watu walipiga makofi, wakamsifu Bwana.

Nzula hakuwa hapo. Alikuwa hospitali, Nashipae kwa mashine ya kusafisha damu, akimuuliza, "Mama, si ulibaki na ingine?"