Swichi za Duka la Mama Zulfa

Paskazia aliacha kufundisha hesabu Ushirombo, akahamia Nyasubi, Kahama, akajifunza kutengeneza programu za simu. Kwa miaka miwili ni moja tu iliyopata mtumiaji: orodha ya dawa za duka la Khairunisa, ambaye mtaa mzima humwita Mama Zulfa. Kila dawa ilikuwa na swichi pembeni. Ikiwa ya kijani, dawa ipo; ikizimwa, imekwisha. Wateja wa mbali walitazama simu zao kabla ya kufunga safari.

Wiki moja mteja aitwaye Mbuke alitoka Bulyanhulu kwa pikipiki, amempakata mwanawe mwenye kifafa, akafuata dawa iliyowaka kijani. Haikuwepo.

"Niliizima kwa mkono wangu," Mama Zulfa alilalamika kwenye simu. "Imejiwasha. Mwalimu, ikijiwasha tena, naifuta programu yako."

Paskazia alijaribu nyumbani mara arobaini. Swichi zikatii. Lakini orodha yake ya majaribio ilikuwa na dawa tano tu, zote zikionekana kwa pamoja.

Kulipokucha akaenda dukani.

"Shikamoo, Mama Zulfa."

"Marahaba. Umekuja kumwona jini wako?"

"Nimekuja kukuona wewe. Fanya kama kila siku."

Mama Zulfa alikuwa na dawa mia tatu. Alizima moja ya juu, akashuka kwa kidole hadi dawa za kikohozi, akarudi. Ile ya juu ilikuwa kijani.

"Si unaona? Nimeigusa mimi?"

Hakuigusa. Simu ilikuwa na mistari kumi tu ya kuonyesha. Dawa ikitoweka juu, mstari wake hupewa dawa nyingine, na programu huiweka swichi upya kulingana na dawa hiyo mpya. Paskazia hakuwa ameiambia itofautishe swichi iliyoibadilisha yenyewe na ile iliyoguswa na kidole cha mtu. Ikadhani imeguswa, ikaiandikia dawa iliyotoweka juu kwamba ipo.

Aliirekebisha palepale kwenye kaunta: swichi isisikilizwe kwanza, mpaka dawa mpya itulie kwenye mstari. Ilimchukua robo saa.

Mama Zulfa alishuka na kupanda mara tatu. Swichi haikurudi kijani.

"Sawa. Sasa niandikie juu kabisa: piga simu kabla hujatoka nyumbani. Na namba yangu."

"Imepona, Mama."

"Mimi nimeona. Mbuke hajaona."

Paskazia akayaandika maneno hayo juu ya orodha. Yalichukua nafasi ya dawa mbili.