Mistari ya Mkiani

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani nimeletwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Karakana ilikuwa Bukoto, nyuma ya maghorofa, na ndani yake ndege za mti zilining'inia darini kwa nyuzi, bawa la kubwa kuliko zote halizidi urefu wa mkono wangu. Mkuu wa karakana alikuwa Mwacholi aliyestaafu jeshini, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Alinipa karatasi ya msasa na brashi moja, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha kambini:

"Mama, hapa kila mutu naosha brashi yake mwenyewe. Mimi hapana osha ya mutu, na mutu hapana osha yangu. Nikikuta brashi imekauka na rangi, wewe narudi kwa msasa."

Nilimjibu kwamba mimi ni Mnubi, binti wa askari, masharti nimezaliwa nayo. Hakucheka. Nilifanya naye kazi hadi nywele zetu sote wawili zikawa nyeupe, na sikumbuki kumwona akicheka.

Vijana wananiuliza tulikuwa tunatengeneza nini hasa. Tulitengeneza mifano ya ndege za kivita za Wajerumani, zile za vita vya pili vya dunia. Wateja wetu walikuwa Ulaya, wazee watupu, wengi wao watoto wa marubani wenyewe. Walileta picha ya ndege ya baba au ya mjomba, nasi tukaichonga kwa mti wa musizi, ambao ni mwepesi na unakubali kisu. Baba yangu alipigana Burma upande wa Mwingereza. Angefufuka akanikuta nampaka Mjerumani rangi, sijui angeniambia nini.

Ndege iliyoagizwa zaidi tuliiita Mia na Tisa, kwa namba yake. Ilikuwa nyembamba, yenye pua ndefu, na magurudumu yake yalikaribiana mno. Mkurugenzi wetu, Mjerumani mtu mzima aliyejifunza Kiswahili Dodoma na kukisema safi kuliko sisi, alitueleza kwamba marubani wengi waliumia wakiwa wanatua tu, hakuna aliyewapiga. Kwa hiyo magurudumu tuliyapima mara mbili mbili. Mteja aliyefiwa na baba hasamehi gurudumu lililokaa vibaya.

Nilianzia kwenye msasa, mahali pa vumbi na kikohozi. Ubao uliosuguliwa ulijazwa puti ili vinyweleo vya mti vizibwe, ukapakwa rangi ya kwanza, ukasuguliwa tena. Kutoka hapo nilihamishiwa kwenye rangi, kupaka mabaka ya kijivu na kijani yaliyokuwa yakiificha ndege angani. Halafu Mkuu wa karakana akasikia kwamba kwetu Kasubi mimi ndiye niliyekuwa nikiwapaka maharusi hina. Aliniangalia vidole, akanipeleka kwenye meza ya alama bila hata kuniuliza kama nataka.

Meza ya alama ilikuwa na heshima yake. Hapo ndipo ilipochorwa misalaba myeusi ya mabawani, namba za ubavuni, na mistari ya mkiani. Ile alama ya chama chao hatukuichora, maana sheria ya kwao imeikataza, na mimi nilishukuru. Mistari ndiyo iliyokuwa kazi ngumu. Kila rubani alipoangusha ndege ya adui, fundi wake alimchorea mstari mmoja mkiani. Bingwa ulimjua kwa mkia wake. Wengine iliwajaa hadi nafasi ikaisha, ikabidi wachore shada la majani na kuandika hesabu katikati.

"Waliwezaje kuua wengi hivi?" nilimuuliza Mkurugenzi siku moja.

"Kwa sababu hawakurudishwa nyumbani," akasema. "Marubani wa upande wa pili walipumzishwa baada ya muda. Hawa waliambiwa waruke tu. Waliruka mpaka wakafa, mama, au mpaka vita vikaisha."

Niliendelea kupaka. Nilikuwa hodari na nilijua. Mistari yangu ilisimama sawasawa, hakuna uliomzidi mwenzake, na wala sikutumia rula. Sikuwaza sana kilicho ndani yake. Ilikuwa kazi, na kazi ilimsomesha mwanangu.

Mwanangu alikuwa Rajabu, wa pekee. Alisomea ufundi Kyambogo, tukajua ameshakuwa injinia, kumbe yeye alishaandika jina lake jeshini kwenye kikosi cha anga. Alipofuzu urubani wa helikopta nilimwomba Mkuu wa karakana anipe Mia na Tisa iliyokuwa imekataliwa kwa kasoro chini ya bawa. Niliipaka pua ya njano, kama walivyopaka baadhi yao, nikampelekea. Nyumbani tunazungumza Kinubi, lakini maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Mama, mbona mkia mtupu?"

"Kwani umemwangusha nani?"

"Basi nitaujaza mwenyewe."

"Rajabu, usiniletee mkia uliojaa roho za watu," nikamwambia. "Hizo nazipaka kutwa nzima. Nyumbani sizitaki."

Alicheka akanibusu kichwani. Baada ya hapo alipelekwa mpakani, na kila aliporudi likizo alikuwa mnene wa mikono na mwembamba wa maneno. Helikopta gani anarusha na anafanya nini nayo, hakusema. Mambo ya jeshi hayasimuliwi sebuleni, nami nililelewa hivyo, sikumchimba.

Siku ilipokuja nilikuwa mezani, nikimalizia msalaba wa bawa. Mkuu wa karakana alikuja akasimama karibu yangu. Sikuinua macho, nikidhani anakagua. Akanyoosha mkono, akanitoa brashi vidoleni. Akaitumbukiza kwenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akaizungusha, akaipangusa kwa kitambaa, akazinyoosha nywele za brashi hadi zikawa na ncha. Mtu huyu hakuwahi kuosha brashi ya mtu. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua.

"Mama, chukua mutandio yako," akasema. "Watu ya jeshi iko kwa mulango."

Helikopta ilikuwa imegonga mlima kwenye ukungu. Tulimzika Bombo, kwa babu zake. Sitaeleza zaidi.

Baada ya matanga waliniletea sanduku la vitu vyake. Lilikuwa na sare, msahafu, viatu alivyonunua sokoni Owino, na ile Mia na Tisa yenye pua ya njano. Mkia wake ulikuwa umejaa mistari ya bluu ya kalamu ya bik. Mimi mtu wa meza ya alama sikuhitaji mtu wa kunisomea. Nilikaa chini sakafuni nikaona kwamba mwanangu aliua watu, akawahesabu, na akawachora kwenye kitu nilichompa kwa mkono wangu. Nilimlilia upya, na safari hii nilimlilia kwa hasira. Ndege nikaifunika khanga nikaisukuma chini ya kitanda.

Kazini nilimwomba Mkuu wa karakana anitoe kwenye alama. Alinipeleka kwenye ukaguzi, kuangalia mikwaruzo na kupima magurudumu. Hakuniuliza sababu. Nilikuwa napita mbali na ile meza, na usiku nilimwombea Rajabu msamaha wa Mungu, jambo lililoniuma kuliko kumwombea rehema.

Kwenye dua ya arobaini alikuja kijana wa Arua, fundi wa helikopta ile ile, ambaye siku ya ajali alikuwa mgonjwa na hakupanda. Watu walipokwisha kula alinisogelea.

"Mama, ile ndege kidogo ya Rajabu ilifika?"

Nikamwambia ilifika, na kwamba heri isingefika. Nikamwambia nilichokiona mkiani. Kijana alinitazama kama hanielewi, kisha akaweka sahani chini.

"Hapana, mama. Ile hapana ya kuua. Sisi kazi yetu ilikuwa kubeba majeruhi. Mutu akitoka kule na damu, akifika hospitali iko hai, Rajabu naweka mustari moja. Akikufa kwa njia, hapana weka. Alikuwa nasema, mama yangu alikataa mustari ya roho zimekwenda, basi nitamupelekea ya roho zimerudi."

"Na siku ile ya mwisho?"

"Siku ile walikuwa na majeruhi ndani, mama. Hapana mustari."

Nilikwenda chumbani nikaitoa ndege chini ya kitanda. Sikumbuki nani alinifuata. Nakumbuka nilikuwa namwomba mwanangu radhi kwa sauti, na wanawake wakadhani ni kilio cha kawaida.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye meza ya alama. Niliendelea kuwachorea mabingwa mistari yao, maana wateja waliitaka, lakini mkono ulikuwa mzito. Kila mstari sasa nilijua una mama yake. Mkuu wa karakana akaja kulalamika.

"Mama, hii kazi naenda polepole sana."

"Iko watu hapa," nikamjibu, nikimwonyesha mkia.

Aliutazama, akaondoka, na hakunisumbua tena kwa jambo hilo.

Nilistaafu mkono ulipoanza kutetemeka. Siku ya kuaga nilichora msalaba wangu wa mwisho wa bawani, na Mkuu wa karakana akanyoosha mkono kuichukua brashi anioshee, kwa heshima. Nikaikumbatia. Nilimwambia brashi yangu ameshanioshea mara moja, inatosha. Niliiosha mwenyewe, nikaiacha mezani.

Sasa nakaa Kasubi, na vijana wa karakana wanakuja kuniamkia. Wao ndio walioniambia kwamba wino wa kalamu unafifia. Ni kweli, mistari ya juu imekuwa kivuli tu. Walijitolea kuipitishia rangi nzuri isiyotoka. Na mimi, hata kwa mkono huu wa kutetemeka, ningeweza.

Mistari ya Rajabu imepinda. Mmoja umeparamia mwenzake, mwingine umetoka nje ya mkia kabisa. Angekuwa chini yangu ningemrudisha kwenye msasa. Lakini nikiipitishia rangi itakuwa mistari yangu, na ya kwangu ninayo mingi huko Ulaya. Niliwakatalia vijana. Nimeihamishia ndege pembeni, mahali ambapo jua la dirishani halifiki, mkia umeelekea ukutani. Wageni wanaona pua ya njano tu. Mimi nikitaka kumwona mwanangu, nainuka naigeuza.