Nyongeza Niliyoiomba Gitega

Nilirudi Burundi na Kiswahili cha shule za kambini Tanzania, Kirundi cha nyumbani na Kifaransa cha kusalimia tu. Wakili wa Gitega aliyeniajiri kuwa msaidizi wake, ambaye sote tulimwita Metre, alinilipa kidogo, nami sikubisha. Cheti changu kilikuwa cha nchi nyingine.

Nilimkuta pale msaidizi mmoja, mama wa makamo kutoka Gishubi ambaye hakuwahi kukimbia nchi. Ndiye aliyenifundisha kupanga mafaili, kuhesabu siku za rufaa na kumngoja karani wa mahakama bila kumuudhi.

Wateja wetu wengi walikuwa warudi kama mimi, watu waliokuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Walieleza kwa Kiswahili, nikaandika. Mama akayageuza maelezo yao kuwa Kifaransa. Alinisahihisha kila siku, mpaka nikaweza kuandika Kifaransa mwenyewe. Wakili akaanza kunituma hata Muyinga kuchukua maelezo ya mashahidi. Mshahara haukusogea. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Musinzira, na mke wangu alikuwa mjamzito.

Asubuhi moja, tukibana karatasi, mama akaniambia, "Mtoto yangu, ukienda kwa Metre usiseme bibi yako iko na mimba. Kila mtu iko na shida. Sema kazi. We ndiye unaenda Muyinga, we ndiye unasikilizana na warudi. Ukisha sema, nyamaza."

"Na wewe mama, mbona huombi?"

"Mi? Mi wamenizoea."

Nikaenda. Nilitaja kazi, nikataja wakili wa Muyinga aliyekuwa ameniuliza kama ningependa kuhamia kwake, kisha nikanyamaza. Mwishowe Metre akakubali, tena zaidi ya nilivyotarajia. Mama alicheka, akanipigia makofi.

Mwisho wa mwezi mama alitoka chumbani kwa wakili, mkoba tayari begani.

"Amesema sasa unajua Kifaransa," akaniambia. "Ofisi haiwezi kulipa watu wawili."

"Naingia sasa hivi kumwambia aichukue tena nyongeza yangu, wewe ubaki."

"Akikufukuza na we, tutakuwa wawili barabarani. Kaa. Mi sikukasirikii."

Nikakaa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: hakunishika mkono wala kuziba mlango. Niliwaza kodi, nikamwaza mtoto, nikavuta kiti. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi hadi havikusikika tena.

Mwaka uliofuata nilihamia Muyinga. Siku moja, nikiwa na kesi Gitega, nilifika Gishubi. Nilimkuta akipukuchua maharage uani. Alifurahi, akaniita "mtoto yangu" kama zamani, akauliza jina la binti yangu, akauliza kama yule karani bado ana hasira.

"Mama," nikaanza, "siku ile ofisini..."

"Kula kwanza."

Nikala. Baada ya chakula wakaja majirani, mazungumzo yakawa ya mvua na bei ya mbegu. Alinisindikiza hadi barabarani, akapunga mkono mpaka pikipiki ikakata kona.

Nilijiambia nitarudi nimwombe msamaha vizuri, tukiwa wawili tu. Masika yale yale nikapata habari kwamba amezikwa. Nilikuwa mezani Muyinga, mteja mbele yangu ananisimulia shamba la baba yake. Nilimwomba aanze upya, kwani sikuwa nimeandika neno.