Akala za Mume Wangu

Mimba ilipofika miezi minane, miguu ilinivimba hadi viatu vyangu vikakataa kuingia. Nikavaa akala za mume wangu, ndara zake pana za tairi; yeye yuko kazini Mombasa. Nyumbani Ikutha niliishi peke yangu, na kuzivaa kulinipa kajoto ka kuwa naye. Kichwa kikaniuma, nikaona vimulimuli machoni. Nikalaumu jua la kupura ndengu. Kanisani akina mama walinisifu, eti uso umejaa, ndoa imenikubali. Nikacheka kama mjinga.

Kule kliniki, nesi alinipima presha mara mbili, akakuta iko juu mno, akaita ambulensi. Kisha akatazama miguu yangu.

“Hizi akala za mzee umevaa tangu lini, mama?”

“Wiki tatu.”

“Na hakuna aliyekuuliza?”

Nikatafuta akilini hata mtu mmoja wa kumtajia, nikakosa.