Pembe Iliyotoka Baharini

Mwaka 2015 nilikuwa mtoto wa miaka kumi, tumefika Louisville, Marekani, karibuni kutoka kambi ya wakimbizi, na niliogopa kila alichoogopa bibi yangu. Tulimwita Tate. Nyuma ya fleti yetu huko South End palikuwa na kijito chenye changarawe, na humo niliokota jiwe lililopinda kama pembe ya mbuzi.

Tate alipoliona alirudi nyuma hatua mbili.

"Ulitosha wapi hiyo? Uliitoa wapi? Ni pembe ya mulozi! Kuna mutu aliizika ili atuloge."

Jioni hiyohiyo mdogo wangu Heri akashikwa na homa. Mama alimkimbiza hospitali. Nyumbani hakuna aliyenitazama usoni, nami niliamini kabisa kwamba nimemuua ndugu yangu.

Tate aliniamuru nikalitupe jiwe mbali. Nililipeleka shuleni nikampa mwalimu wa sayansi, maana nilidhani uchawi wetu haumwezi Mmarekani.

Yeye alifurahi kama amepewa zawadi. Alinieleza polepole, huku akichora: hapa palikuwa bahari. Mnyama mdogo alijijengea pembe hiyo, akaishi ndani yake. Alipokufa, nyama ikaoza, pembe ikafunikwa na tope juu ya tope. Maji yenye madini yakapenya katika vitundu vyake kwa miaka isiyohesabika, mpaka ikawa jiwe.

Nilimweleza Tate yote kwa Kiswahili. Heri alikuwa ameshapata nafuu kwa dawa, lakini Tate hakusadiki.

"Bahari, hapa? Donc basi, unionyeshe."

Jumamosi baba alitupeleka kwa gari hadi ng'ambo ya mto mkubwa unaopita mjini, mahali alipopataja mwalimu. Maji yalikuwa yamepungua, mwamba uko wazi, na kila tulipokanyaga palikuwa na pembe. Mamia! Tate alipandisha kitenge, akatembea akiinama, akigusa moja moja. Mimi nilimfuata nyuma.

Mwishowe akainuka.

"Bon, sawa. Walozi wote wa dunia hawawezi kuzika pembe mingi hivi." Akamgeukia baba. "Musikilize huyu mutoto. Anajua."

Nilikimbia juu ya mwamba nikipiga vigelegele, na Tate akaitikia.

Sasa mimi ni mtu mzima, na sisemi kwamba nilimshinda. Hofu yake ndiyo iliyotuvusha njia za ukimbizi ambazo nilizipita nikiwa mgongoni kwake. Lakini katika uzee wake alikubali kwenda kutazama kwa macho yake, kisha akaacha jambo aliloliamini maisha yake yote. Mimi nilileta neno tu. Kazi ngumu aliifanya yeye.