Tulipohama Nyumba ya Mabati Siku ya Gulio

Enzi zetu, na ninyi wa rika langu mtaniunga mkono, uwezo wa mtu ulisikika kabla haujaonekana. Mvua ilipoanguka, aliyelala chini ya nyasi alisikia mvua, na aliyelala chini ya mabati alisikia ngoma. Mimi nilikuwa mtoto wa ngoma. Baba yetu, tuliyemwita Tata kama watoto wengi wa Karagwe, alikuwa na duka karibu na machimbo upande wa Murongo. Sisi tuliishi nyuma ya duka hilo, katika nyumba ya vyumba vingi yenye sakafu ya saruji, saa ya ukutani, na santuri iliyopigwa Jumapili baada ya misa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Siku za mshahara wachimbaji walijaa barazani kununua sukari, mashati na sabuni ya mche. Nilikua nikidhani dunia nzima inanukia mafuta ya taa na nguo mpya.

Kisha madini yakapungua. Wachimbaji wakaondoka kundi kwa kundi, wengine wakavuka mto kwenda Uganda, na duka likabaki na Tata, mizani na nzi. Sisi watoto hakuna aliyetutangazia kitu. Tuliona tu mambo yakipungua mezani: kwanza mkate, halafu sukari, halafu chai yenyewe ikageuka uji. Siku moja Mama akatukusanya, mimi, mdogo wangu na dada yetu mkubwa Koku aliyekuwa tayari mchumba wa watu, akasema kama anayetangaza hali ya hewa: "Nyumba hii imetuzidi kimo. Tunarudi Kibingo, kwenye kibanja cha babu yenu."

Kwa wasiotoka kwetu niseme kidogo. Kibanja ni lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, wazee wamezikwa humo, mibuni imesimama pembeni, na ndizi za chakula cha kila siku zinakatwa hatua chache kutoka jikoni. Mwanamume ambaye kibanja chake hakimlishi alitaniwa mpaka na watoto. Kununua mkungu wa ndizi wakati una migomba yako ilikuwa aibu kuliko kuvaa kaptula yenye kiraka. Na kibanja cha babu, kwa miaka yote ya duka, Tata alikuwa amekiacha kimezwe na magugu.

Wiki ile Mama alikiuliza kila kitu kazi yake. Alisimama mbele ya santuri akiwa ameshika kiuno. "Wewe unaimba? Haya, tutaimba wenyewe." Santuri ikauzwa. Saa ya ukutani ikaambiwa kwamba jogoo tunaye. Viti vya kupumzikia vikaambiwa hatutakuwa na muda wa kupumzika. Kilichonusurika ni meza ndefu ya duka, maana Mama aliitazama mara moja tu akasema, "Hiki ni kitanda cha watoto watatu." Na kweli tuliilalia, tukigombania upande uliokuwa ukipimiwa sukari, tukiamini kwamba bado una utamu.

Tata alitaka tuondoke gizani, watu wakiwa wamelala. Mama akakataa. "Anayehama usiku huulizwa alichoiba. Tutahama mchana, siku ya gulio, kila mtu atuone mara moja, yaishe." Basi tukapita katikati ya soko kama maandamano: Mama mbele na sufuria kichwani, Koku na magodoro, Tata na wanaume wawili wameibeba ile meza, miguu yake ikielekea juu kama ng'ombe aliyechinjwa.

"Mama Koku!" akapaza sauti muuza chumvi mmoja. "Duka limeota miguu?"

"Limeota, ndugu yangu," Mama akamjibu bila kupunguza mwendo. "Linakwenda nyumbani kula."

Soko zima likacheka, na aliyecheka sana alikuwa Mama. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma sana kwa makusudi, nikiwa na jogoo kwapani. Mtu akaniuliza, "Na wewe ni wa wale?" Nikamjibu, "Hapana, mimi napeleka kuku tu." Jogoo akawika papo hapo. Waliosoma katekisimu, wakamjua mtume aliyemkana Bwana jogoo akawika, watanielewa kwa nini niliona masikio yakiwaka moto.

Niliona aibu, lakini sikujifunza. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha sekondari na kazi ya ofisini Bukoba, mambo yalinigeukia na mimi. Sikuwaambia watoto wangu. Nilikopa ili tuendelee kukaa kwenye nyumba kubwa, na hatimaye tulihama usiku, tukinong'ona. Watoto wangu hawakusikia kicheko cha mama yao siku ile. Walichosikia ni mimi nikiwaambia wanyamaze. Kosa hilo ni langu, na sijapata pa kulirekebisha.

Turudi Kibingo. Nyumba ya babu ilikuwa ya nyasi, chumba cha kulala, chumba cha wageni na jiko la nje. Mwezi wa kwanza tuligongana kama mbuzi zizini. Ukikohoa, wote walijua una kifua. Ukinuna, hukuwa na pa kwenda kununia, na Mama alipenda kusema, "Nyumba ndogo haina mahali pa kuficha hasira. Itoe nje, uilimie." Nasi tulilima kweli. Asubuhi kabla ya shule tulikata nyasi za kutandaza chini ya migomba. Jioni tulibeba samadi kutoka kwa mfugaji wa bonde la pili, ambaye Tata alimlipa kwa sabuni zilizobaki dukani. Katikati ya kazi hizo tulipata nafasi ya kufunga mpira wa majani makavu ya migomba na kuupiga mpaka ufumuke, tukaufunga tena. Wajukuu wangu leo umeme ukikatika wanauliza wafanye nini. Sisi hatukuwa hata na wakati wa kuuliza.

Tata ndiye aliyekuwa kichekesho cha kijiji. Mikono yake ilikuwa laini kama ya padri. Jirani yetu, Mzee Kahigi, alikuwa akija kusimama mpakani makusudi kumtazama akipalilia.

"Bwana Duka," alimwambia, "unapalilia kama mtu anayepima sukari."

"Ndiyo sababu hakuna gugu linalopita, mzee," Tata akajibu, na akaendelea kung'oa moja moja.

Akang'oa machipukizi yaliyozidi, akaondoa majani makavu, akafukua mashina yaliyooza. Mwanamume ambaye nilimjua kwa viatu vinavyong'aa sasa alikuwa na nyayo zilizopasuka, na jioni Mama alizipaka samli huku akimsimanga: "Leo angalau unafanana na mume." Sikuwahi kuwasikia wakicheka hivyo katika nyumba ya mabati. Pengine walicheka, ila vyumba vilikuwa vingi mno.

Baada ya miezi michache akaja mgeni kutoka Rugera, shangazi wa mchumba wa Koku, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tulimwamkia shikamoo kwa zamu, akapewa kiti pekee tulichokuwa nacho na kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama desturi ilivyotaka. Akaitazama nyumba, akaitazama migomba yetu ambayo bado ilikuwa myembamba, akashusha pumzi.

"Mama Koku, tumesikia mliyopitia. Harusi imepangwa baada ya mavuno ya maharage. Sisi hatuna neno. Mkitaka tuisogeze mbele, tutasogeza. Au ndizi za siku hiyo tutazileta sisi."

Alisema kwa huruma, na hilo ndilo lililouma. Upande wa bwana harusi uje na ndizi zake kula karamu ya bibi harusi nyumbani kwao? Koku aliinamisha kichwa, na niliona chozi likidondokea kwenye nyasi za sakafuni. Angekuwa yule binti anayesimuliwa kila kisimani, aliyetolewa kwao kwa chakula cha wakwe. Tata alifungua mdomo, nadhani akubali kuahirisha. Mama akamtangulia.

"Shangazi, siku ile ile. Ninyi njooni na matumbo tu."

Mgeni alipoondoka, Tata aliuliza kwa sauti ndogo, "Mke wangu, tutawalisha nini? Hakuna mgomba hata mmoja uliozaa."

"Ndiyo maana nimemwambia leo," Mama akasema. "Ili migomba nayo isikie."

Kuanzia hapo kila mgomba ulikuwa habari ya nyumba. Ua la kwanza lilipochomoza, mdogo wangu alikuja mbio shuleni kuniita, nikachapwa kwa kutoka darasani bila ruhusa, na fimbo zile sikuzisikia. Ukatoka mkungu mmoja, ukafuata mwingine, kisha upande mzima wa chini ukainama kwa uzito. Mama alipita akiigusa asubuhi na jioni, kama anayewapapasa watoto kuona nani ana homa. Hakuna aliyeruhusiwa kukata. Sisi tulikula viazi vitamu na maharage mpaka tukaota viazi.

Halafu ikaja dhoruba, alasiri moja zikiwa zimebaki wiki chache. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa mto, na upepo ukaingia kibanjani kama mlevi. Mgomba wa kwanza ukaanguka na mkungu wake mchanga. Mama akapiga kelele: "Shikeni! Kila mtu ashike wake!" Tukatoka wote kwenye mvua ya mawe tukaikumbatia migomba. Mimi niling'ang'ania mmoja, uso nimeubana kwenye gamba lenye maji, nikiusikia unavyovutwa kama mtu anayetaka kukimbia. Nikasikia mtu anakuja akihema. Alikuwa Mzee Kahigi na wanawe, wamebeba nguzo na kamba begani. Hata pale, mvua ikimpiga kichwani, hakuacha utani wake.

"Koku mwanangu, mume huyu uliyemkumbatia ni mnene kuliko yule wa Rugera!"

"Huyu nampenda zaidi, mzee!" Koku akapiga kelele. "Huyu haongei!"

Wakazichimbia nguzo, wakaiegemeza migomba mmoja baada ya mwingine. Upepo ulipotulia tulihesabu hasara, ikawa ndogo. Tulikuwa tumelowa, tumechubuka mikono, na Tata alisimama katikati ya kibanja akicheka peke yake kama mtoto.

Siku ya harusi Tata mwenyewe ndiye aliyekata, tangu umande haujakauka. Tulibeba mikungu mpaka mabega yakawa meusi kwa utomvu. Ndizi za pombe zilikuwa zimeshakanyagwa siku za nyuma, na rubisi ilikuwa tayari imetulia kwenye vibuyu. Wanawake wa Kibingo walimenya wamekaa duara, wakiimba na kusengenya kwa kipimo sawa. Wageni walipofika kutoka Rugera ikaonekana wazi kwamba nyumba isingeweza kumeza hata robo yao. Basi tukatandika nyasi mbichi kibanjani, chini ya migomba yenyewe, na watu wakaketi kivulini humo. Kule kwenye nyumba ya mabati wakubwa wangekaa sebuleni na maskini barazani. Hapa mwalimu wa misheni aliketi goti kwa goti na mchunga ng'ombe, wakila kwenye jani moja.

Yule shangazi alikula. Akaongezewa, akala. Akalamba vidole, akasema kwa ile sauti yake kila mtu asikie: "Mama Koku, sema kweli. Ndizi hizi mmenunua kwa nani? Na sisi tukanunue huko."

Mama alimtazama Tata. Tata akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali yake nzuri pekee, akamshika mgeni mkono kwa heshima. "Shangazi, njoo." Akampeleka kwenye kisiki cha kwanza, utomvu ukiwa bado unachuruzika. Akampeleka kwenye cha pili. Wageni wakaanza kuinuka na kufuata, mstari mrefu wa kanzu na kanga ukizungukazunguka kati ya migomba, kisiki hadi kisiki. Walipofika chini kabisa, shangazi akakigusa kisiki kwa kidole, akakinusa, kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Murongo. Wanawake wakakipokea. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na Koku, bibi harusi aliyeambiwa asiinue uso siku nzima, akauinua.

Siku hizi harusi zetu ziko ukumbini. Chakula huja na gari kikiwa moto, asiye na kadi ya mwaliko hali, na hakuna anayeuliza ndizi zimetoka wapi, maana hata mwenye harusi hajui. Vijana huzisukuma pembeni ya sahani, wanatafuta chipsi. Mnyauko umeua migomba mingi, na vibanja tumevikata vipande vipande kwa kuwarithisha watoto, mpaka vingine havitoshi kuzika mtu. Siwalaumu sana. Sisi wenyewe ndio tuliowaambia wasome ili wasishike jembe.

Hivi karibuni mjukuu wa Koku alioa. Dada yangu ni bibi kizee sasa, na masikio yamezeeka kuliko yeye. Aliletewa sahani, akaonja ndizi, akaitafuna taratibu, akaiweka chini. Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu asiyejisikia, ukumbi wote ukasikia mpaka mpiga muziki akapunguza:

"Mimi nilitolewa kwetu kwa ndizi zetu!"

Vijana wakaangua kicheko, wakidhani bibi kalewa. Mimi nikasimama na fimbo yangu, nikampigia makofi peke yangu, kwa nguvu, mpaka viganja vikaniuma.