Mguu wa Kushoto wa Baba

Wiki ile ya harusi yangu nilikuwa nacheka hovyo. Sufuria ikianguka nacheka, jirani akinisalimia nacheka. Hata nilipojigonga kidole mlangoni nilicheka huku nachechemea. Mama alisema nimelewa bila pombe, na hakukosea. Kwa hiyo taa za gari la Baba zilipowaka siku ya Jumatatu, wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, mpaka nilipoelewa zinataka kuninyima nini.

Baba ni mwanajeshi mstaafu, Mwislamu wa kaskazini aliyemwoa Mkristo, akamwachia kanisa lake na watoto wa kwenda nao huko. Tangu nikiwa mtoto wa kambini aliniahidi kwamba siku nitakayoolewa atanipeleka mwenyewe, yeye akiwa ameshika usukani. Maisha yake yote aliendesha malori ya jeshi. Mwaka jana ndipo akanunua gari lake, kubwa la juu, otomatiki, analiosha kuliko anavyojiosha.

Taa zilikuwa tatu: nyekundu ya breki, ya ABS inayozuia magurudumu kujifunga, na ile ya njano yenye picha ya gari linaloteleza na kuacha nyuma michirizi miwili iliyopinda. Kaka yangu mkubwa, askari polisi, alizitazama akatoa hukumu palepale.

"Mzee, kama hii taa hazijazima mpaka Ijumaa, sisi natafuta gari ingine na dereva wake."

Baba alichukua kitambaa akaanza kupangusa dashibodi taratibu, na dashibodi yenyewe haikuwa na vumbi. Hapo kicheko kilinikauka. Mimi dereva wa kukodi wa nini? Nilimtaka Baba.

Fundi wa kwanza, pale Kawempe karibu na nyumbani, alitushauri tubandike utepe mweusi juu ya taa. "Ssebo, mzee wangu, hutaziona tena," alisema, na kwa kweli alikuwa na hoja. Baba alimtazama kwa yale macho yake ya gwaride, tukaondoka.

Jumatano tukaenda Kabalagala, kwa fundi Mkongomani mwenye gereji nyuma ya mabaa, mtu mwembamba asiye na haraka. Alichomeka mashine yake ndogo chini ya usukani, akasoma, akakuna kichwa. Kisha akafungua boneti akaangalia kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Nikamwambia aongeze tu, twende zetu.

"Hapana, dada," alisema. "Mafuta ya breki hakuna mutu anakunywa. Kama imepunguka, ao inamwangika, ao pedi zimekwisha."

Akavua gurudumu. Pedi tulizoweka miezi miwili tu nyuma zilikuwa nyembamba kama ganda la karanga. Akaweka mpya, akajaza mafuta, akafuta makosa kwa mashine, akalitoa gari kulijaribu. Akarudi hakuna taa hata moja. Nilirukaruka pale kwenye oili chafu, bibi harusi mzima. Baba naye akaingia, akazunguka mtaa, akarudi na taa mbili. Ile nyekundu ilikuwa imepona, lakini ya ABS na ya kuteleza zinawaka vilevile.

Fundi akafuta tena, akaendesha: giza tupu. Baba akaendesha: zikawaka. Mara tatu hivyo hivyo. Nikaanza kuamini gari lina chuki na Baba. Yeye akashuka, akasimama ameegemea mlango.

"Labda kaka yako anasema kweli," aliniambia. "Labda mimi nimezeeka." Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia kwake, na sikuipenda.

Fundi akaitazama mashine tena, akasema kosa liko kwenye kanyagio la breki. Akamwomba Baba aendeshe, yeye akakaa pembeni yake, mimi nyuma. Wala hakuangalia taa. Aliinama mpaka kichwa kikakaribia kuingia chini ya usukani.

"Papa," alisema kutoka huko chini, "ile mguu ya kushoto iko inafanya kazi gani?"

"Inangoja," alisema Baba.

"Inangoja nini?"

"Klachi."

Gari halina klachi. Nilicheka mpaka nikalala kwenye kiti, mbavu zinauma, na fundi naye akaangua kicheko. Baba alistaafu, lakini mguu wake hakuna aliyeuarifu. Ulikuwa umejiegesha juu ya breki, pamoja na buti lake, kutoka Kawempe mpaka mjini Nakivubo na kurudi, kila siku. Huku gari linaambiwa kimbia, huku linaambiwa simama. Pedi zikaliwa, kompyuta ikachanganyikiwa, na taa za nyuma zikawa zinawaka safari nzima. Kumbe ndiyo maana watu wa bodaboda walikuwa wanampigia honi na kumwonyesha nyuma. Baba alidhani wanamfahamu. Alikuwa anawapigia saluti.

Lakini jasiri haachi asili. Aliurudisha mguu nyuma, na kabla hatujafika kona ukarudi wenyewe kwenye breki. Fundi akamwambia avue buti, mguu usikie tofauti. Baba akavua, akautazama ule mguu ndani ya soksi, akauamrisha kama kuruta.

"Mguu pande."

Ukatulia. Tukazunguka Kabalagala mara nne bila taa, mimi nyuma nikipiga vigelegele peke yangu. Tulipofika nyumbani Baba alimwita kaka, akawasha gari mbele yake. Kaka akainama, akatazama, akasema, "Sawa, Afande."

Jumamosi tulipita Nakivubo katikati ya msongamano, shela langu limejaa kiti chote, macho yangu kwenye dashibodi. Kila mteremko niliona goti la mguu ule linatikisika, na Baba akiunong'oneza amri. Hakuna kilichowaka. Tulifika kanisani kabla ya bwana harusi. Baba akashuka kwa fahari, akaja kunifungulia mlango, ndipo nikaona ana kiatu kimoja.

Cha kushoto kilikuwa kimebaki Kawempe, mlangoni. Alikivua kabla ya kupanda gari, kama anavyovua msikitini, akakipanga vizuri ukutani. Nilipita kando yake na gauni langu sikukiona.

Bwana harusi akafika akaingia, na ndani kinanda kikaanza. Kaka akavua chake kumpa, kikamkataa. Baba akalitazama kanisa, akaitazama soksi yake.

"Kwetu nyumba ya Mungu hatuingii na viatu," alisema, akainama akavua na cha pili.

Nikavua vyangu pia, vilikuwa vinaniua tangu asubuhi. Nikamshika mkono. Jeshini mtu huanza na mguu wa kushoto, nikangoja uanze. Haukusogea. Alikuwa ameukaza pale mlangoni kwa nguvu zote, kama bado uko juu ya breki, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba," nilimwambia, "achia."

Akaachia, tukaingia.